SAMADI NI MALI YA KISIWA: UFUGAJI WA MBUZI NA BUSTANI YA NYUMBANI

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mjini Nansio na mtumishi mstaafu wa umma mbele ya watumishi na wakazi wa Ukerewe. Inachapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Niliombwa nizungumzie ufugaji wa mbuzi na kilimo cha bustani katika kaya ndogo. Nilisita kidogo kuikubali kazi hii, kwa sababu mimi si mtaalamu wa mifugo wala bwana shamba. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kalamu, mafaili na mihuri. Baadhi ya mambo nitakayoyaeleza nimeyapata kwa maafisa ugani, mengine kwa majirani, na mengine kwa makosa yangu mwenyewe. Na ninakiri kwamba haya ya mwisho ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Jambo ninalotaka mwende nalo nyumbani ni moja tu. Katika kisiwa, mbuzi na bustani ni kazi moja. Mbuzi anayefugwa bandani huilisha bustani kwa samadi yake, na bustani humlisha mbuzi kwa majani na mabaki yake. Tukivitenganisha vitu hivi viwili, mbuzi anageuka kuwa mwizi wa mazao ya jirani, na bustani inageuka kuwa mlaji wa mshahara.

ARDHI HAIONGEZEKI

Ndugu Wananchi, wilaya yetu ni wilaya ya visiwa. Hesabu tuliyoizoea ni visiwa 38, vikubwa vikiwa Ukerewe na Ukara, na sehemu kubwa ya eneo la wilaya ni maji ya Ziwa Victoria. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 261,944 katika wilaya hii. Sensa ya mwaka 2012 ikahesabu watu 345,147. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 83,000 katika kipindi cha miaka 10, na katika miaka hiyo yote ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Kila mmoja wetu anaijua hesabu hii bila kusomewa takwimu. Mzee aliyekuwa na ekari sita akiwagawia wanawe watatu, kila mmoja anapata ekari mbili. Hao nao wakigawa kwa watoto wao, kinachobaki ni kiwanja cha kujenga nyumba na nafasi kidogo ya kupanda mihogo. Zamani wazazi wetu walililaza shamba miaka kadhaa likapumzika. Leo ni nani kati yetu mwenye shamba la kulaza? Tunapanda mihogo mahali pale pale mwaka hadi mwaka, na udongo wa kichanga uliochoka unatupa mizizi midogo kuliko ule wa mwaka uliotangulia. Ikiongezeka batobato au ugonjwa wa michirizi ya kahawia, mama wa nyumba anang'oa shina zima na kupata kilichooza.

Wako wanaosema kwamba ziwa litatulisha. Ziwa limetulisha, na tunalishukuru. Lakini mvuvi yeyote aliyepo hapa anaweza kuwaeleza kuhusu siku anazorudi mwaloni na mafuta ya injini ambayo hayakurudisha gharama. Kaya inayotegemea wavu peke yake, au mshahara peke yake, hulala njaa siku wavu au mshahara unapochelewa.

KOSA LANGU

Nilipostaafu nilikuwa na mbuzi watano, majike wanne na dume mmoja. Niliwafuga kama wengi tunavyofuga: asubuhi wanafungwa kwa kamba chini ya miembe kando ya barabara, jioni wanarudishwa, na wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wanaachiwa wajitafutie. Nilijihesabu kuwa mfugaji.

Siku moja ya kiangazi nilikuwa nimevuka kwenda Mwanza kwa shughuli za mafao yangu. Mtoto niliyemwachia kazi ya kuwaangalia alikwenda kucheza mpira. Mbuzi watatu wakakata kamba, wakaingia katika kiwanja cha jirani yangu, mama mjane anayelea wajukuu. Mama huyu alikuwa ametunza kipande kidogo cha marando ya viazi vitamu mahali penye unyevu, akiyamwagilia kwa ndoo kila jioni, ili mvua za vuli zikianza awe na mbegu ya kupanda. Mbuzi wangu waliyala yote, wakamalizia na vichwa vya mihogo michanga.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kibaraza changu. Alinisalimu kwanza kwa adabu, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia. Kisha akasema, "Mzee, wewe una pensheni. Pensheni yangu mimi ilikuwa yale marando."

Ndugu Wananchi, sikuwa na jibu. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, wazee wakaketi, nikaamriwa kulipa nikalipa siku ile ile. Lakini pesa ile haikuweza kununua marando, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimekausha ya kila mtu. Ilitubidi kuyatafuta mbali, na yalipopatikana mvua zilikuwa zimekwisha kuanza majuma matatu. Alipanda kwa kuchelewa, akavuna kidogo. Kwa bei ya sokoni, marando yale yalikuwa kitu kidogo. Kwa yule mama, hasara ilikuwa msimu mzima. Faini niliilipa kwa siku moja. Deni lenyewe lilichukua mwaka.

Juma lile lile mke wangu, ambaye alikuwa na matuta machache ya mchicha nyuma ya nyumba, aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Baba watoto," alisema, "tunanunua mbolea ya mfuko dukani, na mbolea yetu wenyewe inatembea kwa miguu minne, inamwagwa barabarani."

Hapo ndipo nilipoamua kujenga banda.

MFANO WA NDUGU ZETU WA UKARA

Kabla sijaeleza banda, naomba nikumbushe kwamba mafunzo haya hayatoki mbali. Yako ng'ambo ya mlango mdogo wa maji, kisiwani Ukara.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na ndugu zetu Wakara walikwisha kubanwa na uhaba wa ardhi tangu zamani, kabla ya sisi wengine. Mwaka 1936, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, maafisa wawili, Thornton na Rounce, waliandika kuhusu kilimo cha Wakara kwa mshangao mkubwa. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kijerumani, H. D. Ludwig, alikwenda kukichunguza tena, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1968 katika kitabu kilichohaririwa na Hans Ruthenberg kuhusu wakulima wadogo wa Tanzania.

Waliyoyaona ni haya. Wakara waliwafungia ng'ombe ndani, katika mashimo yaliyochimbwa katika nyumba, wakawaletea majani kwa mkono na kuwatandikia nyasi. Samadi iliyojikusanya humo ilitolewa na kubebwa vichwani hadi mashambani. Waliotesha marejea ndani ya uwele, kisha wakayafukia yawe mbolea. Walichimba vishimo kando ya ziwa ili wapate majani ya mifugo hata wakati wa kiangazi. Miti ilikuwa na wenyewe, na majani yake yalikuwa chakula cha mifugo. Shamba halikulazwa, wala halikuchoka.

Lakini taarifa hizo zina jambo jingine ambalo ni lazima tuliseme bila kuficha. Wakara waliohamia bara, mahali ambapo ardhi ilikuwa tele, waliacha desturi hii. Waliwaachia ng'ombe wakachunga, wakalima mashamba mapya ya zamani yalipochoka. Hawakuwa wavivu. Kufunga mnyama, kumkatia majani na kubeba samadi ni kazi nzito, na hakuna mtu mwenye akili anayefanya kazi nzito ikiwa nyepesi inatosha. Wakara wa Ukara walifanya hivyo kwa sababu hawakuwa na ardhi nyingine.

Sasa nauliza: je, sisi wa Ukerewe bado tunayo hiyo ardhi nyingine? Kama hatunayo, basi tumekwisha kuwa katika hali ya Ukara, ila bado tunafuga kana kwamba tuko bara. Hapo ndipo ugomvi wetu wa mbuzi na mashamba unapozaliwa.

BANDA NA LISHE

Ng'ombe ni mnyama mkubwa, na kwa mwenye kiwanja kidogo huenda akawa mzigo. Mbuzi ni saizi ya kaya ndogo. Hubeba mimba kwa siku 150 hivi, yaani miezi mitano, na mara nyingi huzaa mapacha. Ada ya shule ikifika, mtu huuza mbuzi mmoja bila kuvunja mji mzima.

Banda langu ni la miti, limeezekwa kwa nyasi, na sakafu yake imeinuliwa kutoka ardhini kiasi cha kimo cha goti na zaidi. Sakafu ni ya fito zilizoachana kidogo, kiasi cha kupitisha kinyesi bila kunasa kwato. Kila mbuzi mkubwa ana nafasi ya kama mita moja na nusu ya mraba. Hori la majani liko nje ya ukuta, mbuzi anatoa kichwa tu, kwa sababu mbuzi ana tabia ya kukataa majani aliyokwisha kuyakanyaga. Chini ya sakafu ndiko samadi inakokusanyika, kavu, tayari kuzolewa kwa beleshi.

Mbuzi mmoja wa kienyeji anahitaji majani mabichi kilo tatu hadi nne kwa siku, pamoja na maji safi na chumvi. Nimeotesha mabingobingo kwenye mpaka wa kiwanja, na lusina kama ua. Bustani nayo inatoa marando, majani ya maharage yaliyovunwa, mabua na magugu. Jikoni yanatoka maganda ya ndizi na ya viazi.

Natoa tahadhari mbili. Ya kwanza, majani mabichi ya muhogo na maganda ya muhogo mchungu yana sumu inayoweza kuua mbuzi. Yaanikeni kwanza yakauke. Ya pili, lusina ni chakula kizuri lakini ina kitu kinachodhuru ikizidi. Isipite theluthi moja ya chakula cha siku.

Wako watakaouliza kuhusu mbuzi wa maziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa kushirikiana na wataalamu wa Norway, kiliwapeleka mbuzi wa maziwa kutoka Norway huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, na wakulima wadogo wa kule wakajifunza kuwafuga bandani. Ni mfano mzuri. Lakini mbuzi wa namna hiyo anataka lishe nyingi zaidi na uangalizi wa karibu zaidi. Ushauri wangu ni kwamba mtu ajifunze kwanza kumshibisha mbuzi wa kienyeji bandani mwaka mzima, kiangazi kikiwamo, ndipo afikirie mbuzi wa maziwa.

SAMADI NA MATUTA

Sasa nifike kwenye mali yenyewe. Kwa kupima mwenyewe nimeona kwamba mbuzi wangu watano wananipa debe moja la samadi, pamoja na mabaki ya majani, kila baada ya siku tatu. Kwa mwaka mzima hayo ni madebe kama 120. Zamani madebe hayo yote niliyamwaga barabarani.

Samadi haipelekwi bustanini ikiwa mbichi. Naichanganya na majivu kidogo na majani makavu, naimwagia maji, naifunika kwa majani ya mgomba isichomwe na jua wala kuoshwa na mvua, na kuigeuza kila baada ya majuma mawili au matatu. Baada ya miezi miwili hadi mitatu inakuwa nyeusi, nyepesi, na haina harufu. Ndipo inapotosha. Debe moja linatosha tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa hatua tatu hivi.

Katika matuta hayo tunapanda mchicha, ambao huvunwa baada ya majuma matatu au manne. Sukumawiki, mnavu, bamia, nyanya na vitunguu. Sitawaahidi utajiri. Lakini sisi sasa tunanunua mboga mara chache sana, na jioni watoto wa jirani hutumwa kwetu na sarafu kununua mafungu. Nyanya nyingi zinazouzwa hapa huvuka maji kutoka Mwanza, na kila kinachovuka maji kinalipiwa nauli. Nauli hiyo anailipa mlaji.

Samadi iliyobaki tunaipeleka kwenye mihogo na viazi. Hapo pia nakumbusha kwamba samadi haiponyi batobato. Ugonjwa ule huenezwa na nzi weupe na kwa kupanda vipando vyenye ugonjwa. Tuchague vipando kutoka mashina yenye majani safi, tung'oe yaliyougua, na tuwaulize maafisa ugani kuhusu mbegu zinazostahimili. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kimefanya kazi hii ya mbegu kwa miaka mingi, na hakiko mbali nasi.

MAJI, UFUKWE NA KICHOCHO

Ndugu Mwenyekiti, bustani inataka maji, na ziwa liko miguuni petu. Hapa kuna mambo mawili ambayo watumishi tunapaswa kuyaheshimu kabla ya kuwataka wananchi wayaheshimu.

Jambo la kwanza ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu na zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Najua wako wanaolima hadi majini kwa sababu pale udongo una unyevu. Lakini udongo ule ukifumuliwa, mvua ya kwanza unaingia ziwani na samadi yake, na maji yanakuwa machafu mahali ambapo samaki huzalia na sisi huchota ya kunywa. Mbolea hiyo iliyopotea inawafaa magugu maji tu, ambayo tunayafahamu vema tangu yalipoenea katika ziwa hili katika miaka ya 1990. Bustani ikae nyuma ya nyumba, na maji yapelekwe huko.

Jambo la pili ni kichocho. Ugonjwa huu uko katika fukwe zetu, na hauna aibu ya cheo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono walio majini na kupenya ngozi ya mtu anayesimama katika maji. Anayechota maji ya bustani kila asubuhi na jioni huingia majini mara nyingi kuliko mtu anayeoga tu. Tuvae mabuti ya mpira, au tuchote tukisimama juu ya jiwe au gati. Maji yakiwekwa ndani ya pipa kwa siku mbili bila kuguswa, vijidudu hivyo hufa, na maji hayo yanafaa kumwagilia kwa usalama. Juu ya yote, kila kaya iwe na choo na kila mtu akitumie, kwa sababu kichocho huanza na mtu anayejisaidia ziwani au ufukweni. Timu za afya zikileta dawa shuleni, wazazi wasiwafiche watoto.

MAGONJWA YA MBUZI

Mbuzi wa bandani hupata minyoo michache kuliko yule wa barabarani, lakini hakingiki na kila kitu. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwetu mwaka 2008, katika Wilaya ya Ngorongoro. Dalili zake ni homa kali, makamasi na matongotongo, vidonda kinywani na kuhara, na inaweza kumaliza zizi zima. Chanjo yake ipo, na mashirika ya kimataifa ya chakula na ya afya ya wanyama yamejiwekea lengo la kuitokomeza duniani ifikapo mwaka 2030. Kisiwa kina faida hapa, kwa sababu ugonjwa hauogelei. Huletwa na mnyama aliyepakiwa katika chombo. Kwa hiyo mtu akinunua mbuzi kutoka bara, amtenge kwa majuma matatu kabla ya kumchanganya na wengine. Na mbuzi wengi wakiugua kwa pamoja, taarifa itolewe kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Kuwauza haraka haraka mnadani kabla hawajafa ni kumpelekea jirani msiba kwa bei nafuu.

NANI ANABEBA MZIGO

Nilisema kwamba kazi hii ni nzito. Sasa niseme nani anaibeba. Tukiangalia kwa haki, katika nyumba nyingi banda huitwa la baba, na anayekata majani ni mama. Bustani huitwa ya familia, na anayebeba ndoo ni binti kabla ya kwenda shule. Siku ya kuuza mbuzi, mwenye kupokea fedha hujulikana haraka kuliko mwenye kukata majani.

Mimi nilipoanza niliamini kwamba nimejenga banda, kazi yangu imekwisha. Baada ya mwezi mmoja mke wangu alinikabidhi panga, akasema mbuzi hawaji kula hotuba. Tangu siku hiyo majani ya asubuhi ni yangu. Nayakata kabla ya jua kuwa kali, na sijapungukiwa heshima yoyote. Watumishi walio kazini wanaweza kuikata kazi hii mara mbili, kabla ya saa za ofisi na baada yake. Mbuzi wawili au watatu wanaoshibishwa ni bora kuliko kumi wanaolia njaa bandani. Na anayeona kwamba kaya yake haina nguvu ya kulisha hata mmoja, asifuge kwanza. Anunue samadi kwa jirani, alime bustani tu. Hilo nalo ni ufugaji bora, maana halimwoni jirani hasara.

Marehemu Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hiki, alipoandika kitabu chake kwa Kikerewe, kitabu ambacho baadaye kilichapishwa kwa Kiswahili, alikaa sana juu ya kazi za kila siku za mji wa Mkerewe: kulima, kuvua, kufuga, kukaribishana. Alijua kwamba mambo hayo ndiyo yanayoshikilia ndoa na ujirani. Kazi zetu za leo zimebadilika, lakini kinachoshikilia hakijabadilika.

HITIMISHO

Ndugu Watumishi na Ndugu Wananchi, nawaomba mambo matano. Mbuzi afungiwe bandani, hasa wakati wa kiangazi ambapo jirani anatunza mbegu yake. Samadi isitupwe wala isipotezwe njiani. Bustani isiingie katika mita 60 za ufukwe. Anayechota maji ajikinge na kichocho. Na mbuzi mgeni atengwe, na mbuzi mgonjwa atolewe taarifa.

Kuhusu jirani yangu, mtapenda kujua tumefikia wapi. Sasa kila baada ya miezi mitatu anatuma wajukuu wake na toroli, wanachukua madebe ya samadi kwa ajili ya viazi vyake. Akivuna, marando ya ziada yanakuja kwa mbuzi wangu. Na sehemu ya marando ya mbegu tunaitunza katika tuta moja la bustani yangu kila kiangazi, ili kikiharibika cha kwake, cha kwangu kiwepo. Hatuna mkataba wa maandishi, na mimi karani wa zamani ndiye ninayesema kwamba hauhitajiki.

Hata hivyo, akipita nyumbani kwangu hutazama kwanza kama mlango wa banda umefungwa, ndipo anasalimu. Ana haki ya kufanya hivyo.